Giaboksi Imekufa, Bei Imetajwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanarudiwa na watu ambao gari limegoma, fundi ametaja bei ya giaboksi, na wao wamebaki wamesimama gerejini hawajui waseme ndiyo au hapana. Mengi yanahusu giaboksi ya otomatiki, kwa kuwa ndiyo inayoogopwa zaidi na ndiyo inayokula fedha. Kama gari lako liko juu ya jeki sasa hivi na fundi anasubiri jibu, ruka hadi swali la 5 na la 8. Mengine utayasoma ukishatulia.

## Dalili

1. Nitajuaje kama ni giaboksi kweli na si kitu kingine?

Dalili za otomatiki inayoumwa zinajulikana. Unakanyaga mafuta, mshale wa resi unapanda, gari halivuti. Unaweka D au R, gari linakaa kimya sekunde mbili tatu, kisha linashika kwa kishindo. Gia zinabadilika kwa kugonga, au gari linang'ang'ania gia moja tu. Kwenye manyuali, gia inakataa kuingia, inasaga ikiingia, au inachomoka yenyewe ukiwa njiani.

Shida ni kwamba karibu kila dalili kati ya hizo ina pacha wake nje ya giaboksi. Betri iliyochoka au waya wa ethi uliolegea huivuruga kompyuta inayoamuru gia. Gari likikataa kutoka kwenye P, mara nyingi mkosaji ni swichi ndogo ya taa za breki iliyo juu ya pedeli. Mvumo unaokua kadiri mwendo unavyoongezeka unaweza kuwa beringi ya gurudumu. Mtetemo ukipanda mlima unaweza kuwa plagi au koili, na giaboksi haihusiki.

Mimi mwenyewe niliwahi kulipia giaboksi ishushwe kwa sababu ya kishindo kila nilipoweka R. Ikashushwa, ikafunguliwa, ikarudishwa, na kishindo kikawa palepale. Siku chache baadaye fundi mwingine alifungua boneti, akasimama ubavuni mwa gari, akaniambia nikanyage breki kwa nguvu zote nibadilishe kutoka D kwenda R. Injini ikainuka kama inataka kutoka, kisha ikajibwaga. Mpira wa mauntingi, ule unaoshikilia injini mahali pake, ulikuwa umechanika kabisa, ukiumulika unaona mwanga upande wa pili. Kipimo chenyewe hakikuzidi dakika moja. Tangu siku ile sikubali spana ishikwe kabla sijauliza.

2. Naweza kuendelea kuliendesha mpaka nipate fedha?

Inategemea. Gari likijifungia kwenye gia moja, kwa kawaida ya pili au ya tatu, na taa ikawaka, hiyo ni hali ya kujilinda: kompyuta imeona kosa na imekuachia gia moja ya kukufikisha. Fika nayo, kisha egesha.

Giaboksi inayoteleza ni habari nyingine. Kila ikiteleza, diski za klachi zilizo ndani zinasuguana na kuungua, na unga wake unasafiri na oili hadi kwenye valvu bodi (sehemu inayoelekeza oili kwenye klachi za gia) na kwenye kipoza oili. Kosa ambalo leo lingemalizwa kwa seti moja ya diski linageuka kuwa la giaboksi nzima. Oili ikigeuka rangi ya maziwa yenye wekundu ndiyo usiwashe gari kabisa (tazama swali la 3).

Ukiita gari la kuvuta, sisitiza magurudumu yanayosukuma gari yainuliwe, au gari zima lipakiwe. Kwenye otomatiki nyingi pampu ya oili huzungushwa na injini. Injini ikizimwa huku magurudumu yanazunguka, giaboksi inazunguka bila kulainishwa, na unaweza kuiua nzima ukiwa njiani kuipeleka kwa fundi.

3. Oili ya giaboksi naikagua vipi?

Anza na kitabu cha gari, kwa sababu magari hayafanani. Otomatiki nyingi zenye stiki ya kupimia oili hupimwa injini ikiwa inanguruma na oili ikiwa ya moto. Honda nyingi hupimwa injini ikiwa imezimwa. Magari mengi ya siku hizi hayana stiki kabisa, na levo hupimwa chini, kwenye boliti yake, oili ikiwa na joto lililotajwa na mtengenezaji.

Dondosha matone mawili kwenye karatasi nyeupe. Oili mpya ya otomatiki ya kawaida ni nyekundu. Ikiwa kahawia, imezeeka. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, diski zimeungua. Rangi ya waridi iliyofifia kama maziwa inaonyesha maji ya rejeta yameingia, jambo linalotokea pale kipoza oili kilichomo ndani ya rejeta kinapotoboka. Maji hayo hubandua utando wa diski, ndiyo maana nimesema usiwashe.

Oili pungufu peke yake inatosha kuleta utelezi na kuchelewa kushika. Kujaza kupita kiasi nako ni kosa, maana oili huchapwa hadi ikatoa povu, na povu halina nguvu ya kusukuma klachi.

4. Nikibadilisha oili tu, haitapona?

Inaweza kupona ikiwa ugonjwa ni oili. Giaboksi iliyoanza kugonga kidogo, oili imechakaa lakini bado hainuki kuungua, mara nyingi hutulia ikipata oili na filta mpya. Diski zikishaungua, hakuna oili itakayozirudishia utando.

Kuna hofu kubwa kwamba oili mpya huiua giaboksi ya zamani. Ninavyoliona mimi, wengi hukimbilia kubadilisha oili baada ya giaboksi kuanza kuteleza. Inakufa wiki hiyohiyo, kama ambavyo ingekufa tu, na lawama inaiangukia oili. Hata hivyo, kwenye giaboksi iliyotembea miaka bila huduma, mwaga na ujaze kwa njia ya kawaida, usikubali isukumwe kwa mashine. Usitegemee pia maneno "oili ya maisha". ZF, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza giaboksi za magari mengi, inashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au ndani ya miaka 8.

## Uchunguzi

5. Fundi ameliendesha dakika tano akasema giaboksi imekufa. Nimwamini?

Anaweza kuwa sahihi. Fundi aliyekwisha kufumua giaboksi nyingi anatambua tatizo kabla hujamaliza kulieleza. Lakini giaboksi ikishashushwa umeshaingia gharama, hata kama ndani hakuna kilichoharibika. Kwa hiyo kabla ya kusema ndiyo, mwombe akujibu mambo matatu: kosa ni lipi hasa, amelionaje, na ni vitu gani vya nje amevikagua na kuviondoa kwenye mashaka.

Jibu la kuridhisha linasikika hivi: "Gia ya tatu inateleza ikishapata moto, oili inanuka, levo iko sawa, waya na soketi nimezipima ni nzima." Ukiambiwa "hizi gari ndivyo zilivyo" au "nimeshaziona nyingi", bado hujajibiwa. Rudia swali kwa upole. Fundi anayejua kazi yake hakasiriki kuulizwa. Wengi hufurahi kumpata mteja anayetaka kuelewa.

Uchunguzi wa maana kabla ya kushusha unaanza kwa kuliendesha gari mkiwa wote wawili, ili dalili unayoilalamikia aione kwa macho yake. Unafuata kwenye oili, betri na ethi, kusoma kodi (namba za makosa zilizo kwenye kompyuta ya gari) pamoja na takwimu gari likiwa linatembea, kupima presha ya oili kwa geji pale penye tundu lake, na mwisho kufungua sampu, bakuli la oili lililo chini ya giaboksi. Si kila gari litahitaji hatua zote. Lakini aliyeziruka zote hana msingi wa bei anayokutajia.

6. Mashine imetoa kodi ya giaboksi. Si ushahidi tosha?

Hapana. Kodi inataja saketi au tabia iliyoonekana, haikutajii spea ya kununua. Kodi hizi zinafanana kwa magari mengi kwa sababu ya OBD-II, mfumo wa gari kujichunguza makosa, ambao Marekani iliulazimisha kuanzia modeli za 1996. P0700 inasema tu kwamba kompyuta ya giaboksi ina neno, kaisome yenyewe. P0730 inasema uwiano wa gia hauendani na ulioamriwa. P0740 ni saketi ya klachi iliyomo kwenye toki konveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi), na P0750 ni solenoidi, yaani valvu ya umeme, ya kwanza ya kubadilishia gia.

Chukua hiyo P0750. Inaweza kuwa solenoidi yenyewe, waya ulioliwa, au soketi iliyojaa oili. Waya na soketi mara nyingi hufikiwa bila kushusha chochote, na solenoidi kwenye magari mengi hufikiwa kwa kufungua sampu tu. Fundi anayejua umeme wa magari anazitenganisha kwa mita ya mkononi. Anayetoka kwenye kodi moja kwa moja hadi giaboksi nyingine amekurukisha hatua ambayo ungeilipia kidogo sana.

Piga picha ya kioo cha mashine kabla kodi hazijafutwa, na dashibodi inayoonyesha kilomita.

7. Ameniita nione chuma ndani ya sampu. Ndiyo mwisho?

Ndani ya sampu kuna sumaku, ndogo kama sarafu nene. Kazi yake ni kukusanya vumbi la chuma, kwa hiyo kuikuta imevaa ute wa kijivu si msiba. Chukua ute huo kidogo, usugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukiwa laini kama masizi yaliyolowa mafuta, huo ni uchakavu wa kawaida. Kikichoma kitu, ukiona vipande vinavyometa, magamba meusi ya utando wa diski yaliyotuama chini, au chembe za rangi ya shaba zisizonaswa na sumaku, hapo kweli kuna diski, bushi au beringi inayoliwa, na hoja ya kuifungua giaboksi ni halali.

Omba kuiona sumaku kabla haijafutwa. Ikishafutwa na sampu ikaoshwa, kinachobaki ni neno lake na neno lako.

8. Anasema lazima aishushe na kuifungua ndipo ajue bei. Ni ujanja?

Si lazima uwe ujanja. Hakuna anayeweza kujua hali ya diski, ngoma na pampu bila kufungua, na fundi anayekutajia bei kamili ya kufumua kabla ya kuona ndani amebahatisha. Lakini swali hili ndilo linalowagharimu watu kuliko mengine yote kwenye ukurasa huu, kwa sababu giaboksi ikiwa vipande juu ya meza, nguvu yako ya kukataa imekwisha. Gari halitembei, na kulihamisha ni gharama nyingine.

Basi mkubaliane kabla haijashushwa. Uliza kushusha na kufungua peke yake ni kiasi gani. Kisha uliza swali ambalo wengi hulisahau: "Nikiona bei ya matengenezo ni kubwa nikasema hapana, nitapewa gari likoje?" Gereji nyingine zitairudisha giaboksi mahali pake, nyingine zitakupa vipande ndani ya boksi, na nyingine zitatoza kurudisha kama kazi mpya. Majibu yote matatu yanaweza kuwa ya haki, ilimradi umeyasikia mapema. Mkubaliane pia kikomo: kiasi ambacho hakuna kazi itakayokivuka bila wewe kupigiwa simu na kujibu ndiyo kwa maandishi.

Siku ya kufungua, nenda kama unaweza. Diski nzima ina rangi ya udongo na mistari yake inaonekana. Iliyoungua ni nyeusi, imeng'aa, na utando unabanduka kwa ukucha. Huhitaji ufundi kuona tofauti hiyo.

9. Nipeleke kwa fundi wa pili?

Ndiyo, kabla haijashushwa. Mlipe uchunguzi wake, usiombe bure, na umweleze dalili tu. Ukianza na "mwenzako kasema giaboksi", ataitafuta giaboksi.

## Bei na makubaliano

10. Kwa nini bei ni kubwa hivyo?

Sehemu kubwa ni saa za kazi. Kwenye magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele, giaboksi imebanwa pembeni mwa injini, na kuitoa kunahitaji kushusha shafti, mauntingi, na wakati mwingine fremu inayobeba injini. Kufumua nako ni kazi ya kupima nafasi ndogo sana kati ya diski, si ya kuharakisha. Juu yake weka seti ya sili na diski, filta, oili ambayo ni lita nyingi na si ya bei ya oili ya injini, toki konveta, na kwa magari ya kisasa kuiandika upya programu.

Bei ndogo kupita kiasi inanitia wasiwasi kuliko kubwa. Kitakachokuwa kimerukwa mara nyingi ni toki konveta na kusafisha kipoza oili, vitu viwili vinavyohifadhi unga wa giaboksi ya zamani na kuurudisha kwenye mpya.

11. Nifumue hii hii, ninunue ya mtumba, au iliyoundwa upya kiwandani?

Kufumua kunafaa ikiwa una fundi wa giaboksi hasa, si fundi wa kila kitu, na ikiwa spea za ndani zinapatikana. Unajua historia ya giaboksi yako, na kilichobadilishwa unakiona. Iliyoundwa upya kiwandani ni ghali, ila huja na waranti inayoeleweka na hupunguza siku za kusubiri.

Ya mtumba ni nafuu na ni kamari. Kama ndiyo unayoimudu, punguza hatari. Linganisha namba ya aina iliyo kwenye kibati cha giaboksi na ya gari lako, usiridhike na "ni ya injini hiyo hiyo", maana injini moja inaweza kufungwa giaboksi zenye uwiano tofauti. Nusa oili yake na ufungue sampu kabla haijapanda garini (swali la 7). Badilisha filta na sili ya mbele ikiwa bado iko chini, kwa sababu sili hiyo ni kitu kidogo lakini kuifikia baadaye ni kushusha tena kila kitu.

Halafu muulize muuzaji na fundi kwa pamoja: ikigoma baada ya wiki mbili, nani analipa kushusha na kupandisha? Waranti nyingi za mtumba zinakupa giaboksi nyingine na kukuachia gharama ya ufundi.

12. Makubaliano yaandikwe nini?

Namba ya gari na ya chesisi, kilomita, dalili uliyolalamikia kwa maneno yako, kazi itakayofanyika, spea ni mpya au za mtumba, toki konveta imo au haimo, kipoza oili kinasafishwa au kinabadilishwa, bei, kikomo kilichotajwa kwenye swali la 8, tarehe ya kumaliza, na waranti ni ya miezi mingapi au kilomita ngapi na inagusa ufundi au spea tu.

Dalili ndiyo muhimu kuliko yote. Ukiandika "kufumua giaboksi", akiifumua kazi yake imeisha hata kama gari bado linagonga. Ukiandika "gari linachelewa kushika R asubuhi na kugonga kutoka gia ya pili kwenda ya tatu, matengenezo yaondoe tatizo hilo", mnajua wote wawili mnachokitafuta.

13. Anataka malipo ya awali. Nitoe kiasi gani?

Fedha ya spea ni haki kuitoa mapema, na risiti ya spea uione. Fedha ya ufundi isubiri kazi. Ukilipa zote mwanzoni, gari lako litakuwa la mwisho kwenye foleni.

## Kazi ikiendelea

14. Kapandisha bei gari likiwa wazi. Nifanyeje?

Kwanza tenganisha. Kuna ongezeko linalotokana na kilichokutwa ndani, kwa mfano ngoma iliyochimbika au pampu iliyolika, na hilo linaonekana kwa macho: nenda ulione au utumiwe picha. Na kuna ongezeko la vitu vilivyojulikana tangu mwanzo, kama oili au sili. Hilo la pili likatae, kwa sababu lilipaswa kuwa ndani ya makadirio. Unachokubali kiandikwe siku hiyo hiyo, hata kwa ujumbe mfupi wa simu.

15. Spea za zamani ni zangu?

Omba kuzipata, na useme hivyo kabla kazi haijaanza. Isipokuwa moja: giaboksi au toki konveta iliyoundwa upya mara nyingi huuzwa kwa masharti ya kurudisha ile ya zamani, hivyo hiyo utaiona na kuipiga picha tu.

16. Wiki zinapita na gari halijaguswa.

Mwandikie tarehe ya mwisho. Kama spea haijaagizwa na giaboksi haijashushwa, bado una uhuru wa kuliondoa gari, na ni bora uliondoe.

## Kupokea gari

17. Nikague nini kabla ya kumaliza malipo?

Nenda asubuhi, na uombe gari liwe halijawashwa. Giaboksi yenye tatizo la sili huonyesha tabia yake ikiwa baridi, na fundi aliyekwisha kuipasha moto anakunyima kipimo hicho, hata kama hakukusudia. Washa, kanyaga breki, weka R, hesabu. Inapaswa kushika karibu papo hapo, bila kishindo. Weka D, hivyohivyo.

Kisha liendesheni pamoja nusu saa au zaidi, hadi oili ipate moto barabara. Nenda polepole kwa mguu mwepesi, ukisikiliza kila gia inavyoingia. Kanyaga ghafla ukiwa mwendo wa kati uone kama inashuka gia bila kupiga resi tupu. Panda mlima. Rudi nyuma kwenye mwinuko. Ukirudi, egesha juu ya sakafu kavu, tandaza karatasi chini, na uangalie matone baada ya dakika kumi na tano. Mwisho, mashine isomwe tena mbele yako.

Magari mengi yanahitaji kompyuta ifundishwe upya baada ya valvu bodi au giaboksi kubadilishwa. Uliza kama imefanyika. Ugumu mdogo wa gia siku za kwanza unaweza kuisha wenyewe kompyuta inapojifunza. Utelezi hauishi wenyewe, usikubali kuambiwa "itazoea".

18. Tatizo limerudi baada ya wiki mbili.

Simamisha gari, rekodi dalili kwa video, na umrudie fundi yuleyule kwanza. Ukienda kwa mwingine akaifungua, waranti mara nyingi inakufa na ushahidi unapotea. Sema kwa maandishi: kazi ilikuwa hii, dalili ni ileile, natumia waranti. Kama dalili ni nyingine kabisa, kuwa mwadilifu na useme hivyo. Inawezekana ni kitu kipya, na inawezekana ni kosa la ufungaji. Kosa moja la ufungaji linalojulikana sana ni toki konveta isiyokaa hadi mwisho kwenye pampu. Boliti zikikazwa hivyo, pampu inavunjika gari likiwashwa mara ya kwanza.

## Mkikosana

19. Anakataa kunipa gari mpaka nilipe bei ambayo sikuikubali.

Katika nchi nyingi fundi ana haki ya kisheria kushikilia gari hadi alipwe kazi iliyoagizwa. Kulichukua kwa nguvu au kwa ufunguo wa akiba kunaweza kukugeuza wewe kuwa mkosaji. Ikiwa gari unalihitaji sana, njia ya kawaida ni kulipa na kuandika kwenye risiti kwamba umelipa huku ukipinga kiasi fulani, kisha kudai baadaye. Makubaliano ya swali la 12 ndiyo yatakayopima nani ana haki.

20. Nimfuate wapi?

Anza kwa barua yenye tarehe: kilichokubaliwa, kilichofanyika, unachotaka (kurekebishiwa au kurudishiwa fedha), na siku ya mwisho ya kujibu. Migogoro mingi huishia hapo. Isipoisha, tafuta fundi asiyehusika aandike ripoti kabla hakijaguswa chochote, na uipeleke kwenye mamlaka ya kulinda walaji au mahakama ya madai madogo. Nchi nyingi zinamtaka mtoa huduma afanye kazi kwa uangalifu na ujuzi unaostahili, na ripoti ya fundi mwingine ndiyo inayoonyesha kama alifanya hivyo. Uliyelipa kwa kadi, iulize benki kama unaweza kupinga malipo.

## Hali za pembeni

21. Gari langu ni CVT. Kuna tofauti?

Kubwa. CVT ni otomatiki inayobadilisha uwiano bila hatua, na nyingi za magari hazina gia za hatua. Zina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na mshiko wote unategemea presha na oili ya aina yake. Kuitia oili ya otomatiki ya kawaida ni kuiharibu, kwa hiyo kibandiko cha kopo la oili kiangalie mwenyewe. Rangi ya oili yake si lazima iwe nyekundu, hivyo maelezo ya rangi ya swali la 3 yasikupotoshe. Mafundi wengi wazuri hawafumui CVT. Anayekwambia hivyo waziwazi amekusaidia.

22. Ni manyuali, na fundi anasema klachi na giaboksi vyote.

Viulize kimoja kimoja. Klachi inayoteleza hujulikana ukiwa gia ya nne mwendo mdogo: kanyaga mafuta yote, resi ikipaa na gari lisifuate, ni klachi. Kusaga kwenye gia moja tu huku nyingine zikiingia vizuri kunaelekeza ndani ya giaboksi. Ikishushwa kwa ajili ya klachi, badilisha na rilizi beringi (beringi inayosukuma klachi iachie) palepale, kwani kazi ya kuifikia ni ileile.

23. Bei ya giaboksi imekaribia thamani ya gari.

Usilinganishe na thamani ya gari likiwa zima. Linganisha fedha utakayopata ukiliuza bovu, pamoja na gharama ya kupata jingine lenye hali unayoijua. Gari lenye injini na bodi nzima mara nyingi linastahili giaboksi. Lenye kutu kwenye chesisi na injini inayokula oili, hapana, hata fundi akikupunguzia.

24. Fundi ni rafiki yangu wa miaka mingi. Nitamwandikishaje?

Usimpe fomu. Mtumie ujumbe, kama ambavyo mngeongea: "Ndugu, kama tulivyosema jana: unashusha na kufungua kwa kiasi tulichokubaliana, ukishaona ndani unanitumia picha na bei, na hutaendelea mpaka nijibu. Nikisema hapana unairudisha mahali pake. Niko sawa?" Akijibu "sawa", wote wawili mnayo kumbukumbu moja kwenye simu, yenye tarehe.